Kabla ya Entebbe, Wapelekeni Kakapel

Likizo ikikaribia, wazazi wa Busia na Tororo huanza hesabu zilezile. Wa upande wa Kenya huhesabu nauli ya Kisumu, watoto wakaone simba na chui katika hifadhi ya Impala kando ya ziwa, na wenye uwezo hufikiria Nairobi. Wa upande wa Uganda huwaza Jinja, Mto Nile unakotokea ziwani, au Entebbe kwenye bustani ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1952. Zote ni safari nzuri. Lakini mtoto wa miaka sita aliyeamshwa usiku wa manane, akabanwa ndani ya gari nusu ya siku, hufika amechoka na anataka kulala. Simba anamwona, ndiyo, ila hana nguvu ya kumuuliza mtu lolote.

Maswali ya mtoto ndiyo masomo yenyewe, na maswali yanataka mtoto aliyelala vizuri, mahali panapofikika kabla ya saa nne asubuhi. Kwa bahati, familia za mpakani zina mahali pa aina hiyo karibu nazo, na nyingi hupapita kila wiki zikielekea sokoni au kanisani.

Chukua Kakapel. Iko Teso Kaskazini, kaunti ya Busia, kwenye vilima vya chini vya Mlima Elgon, karibu na Uganda. Ni mwamba mkubwa ulioinama mbele, ukaacha chini yake nafasi pana yenye kivuli, na ukutani kuna michoro ya kale. Kuna maumbo ya duara na mistari, kuna wanyama wa mwituni, kuna ng'ombe. Haikuchorwa siku moja wala na watu wa jamii moja. Ya zamani zaidi huhusishwa na wawindaji, mababu wa Watwa, na waliokuja baadaye, wafugaji, wakachora juu ya kazi ya waliowatangulia. Mwaka 2004 mahali hapa palitangazwa kuwa turathi ya taifa, chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.

Mtoto mdogo haelewi maana ya maelfu ya miaka, na hakuna haja ya kumsomea tarehe. Mwache atazame. Mpe daftari na penseli, achore anachokiona, halafu muulize yupi kati ya ng'ombe na mduara alitangulia kuchorwa. Atasogea, ataona rangi moja imepita juu ya nyingine, atajibu mwenyewe. Hapo amefanya kazi anayoifanya mtaalamu wa mambo ya kale, bila kuambiwa jina lake. Sharti ni moja, nalo lisemwe kabla ya kufika: macho ndiyo yanayogusa, si vidole. Jasho na mafuta ya mikono huiharibu rangi hiyo, na ikifutika hakuna wa kuirudisha.

Makubwa zaidi yalikuwa chini ya miguu ya anayeitazama michoro hiyo. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua udongo wa Kakapel walikuta watu wameishi pale kwa vipindi mbalimbali tangu miaka elfu tisa hivi iliyopita. Mwaka 2024 watafiti wa Kenya na Marekani walichapisha matokeo yao: katika udongo huo kulikuwa na mbegu zilizoungua, miongoni mwao kunde za miaka 2,300 hivi, na mtama na wimbi wa angalau miaka elfu moja. Kunde hizo ni katika ushahidi wa kale kabisa wa kilimo uliopatikana Afrika Mashariki. Ndizo kunde hizihizi ambazo majani yake huuzwa kwa mafungu Busia, na wimbi ni huu wa uji wa asubuhi na wa atap, ugali wa Wateso.

Namna mbegu hizo zilivyopatikana inafaa sana kwa watoto, na inafanyika nyuma ya nyumba. Udongo uliofukuliwa hutiwa majini na kukorogwa. Mawe na mchanga huzama, vipande vya mkaa na mbegu zilizoungua huelea, vikachotwa kwa chekeche na kukaushwa. Kaanga kunde kiganja kimoja mpaka ziwe nyeusi kama mkaa, zichanganye na udongo wa shambani, wape watoto beseni la maji na kichungi cha chai. Nyingi zitaelea. Nimeona watoto wa shule ya chekechea wakikaa na beseni kama hilo muda ambao hawajawahi kukaa na televisheni. Anayefanya hivyo Jumamosi, akapelekwa Kakapel Jumapili, ataingia pale akiangalia chini kwanza kabla ya kutazama juu.

Familia za Tororo zinaweza kufika Kakapel kupitia Malaba. Zikipenda kubaki kwao, barabara ya Mbale itazifikisha Nyero, wilayani Kumi, kwenye miamba yenye michoro myekundu ya miduara ndani ya miduara. Ni mbali kidogo kwa mdogo kabisa, lakini ndugu yake wa darasa la nne atafaidi kulinganisha.

Halafu kuna mpaka wenyewe. Wakubwa tumeuzoea: malori, wabadilisha fedha, boda boda, kelele. Kwa mtoto ni somo la uraia linalotembea. Kituo cha pamoja cha Busia kilifunguliwa rasmi Februari 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, na utaratibu wake unaelezeka kirahisi: maafisa wa nchi zote mbili hukaa jengo moja, nawe husimama mara moja tu, upande ule unaoingia. Mwambie pia kwamba mstari huu haukuwa hapa siku zote. Hadi mwaka 1902 eneo lote la mashariki ya mstari huu, mpaka Naivasha, lilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, kisha Waingereza wakaliweka chini ya upande unaoitwa Kenya leo. Wateso na Wasamia walikuwapo, na wamebaki pande zote mbili. Mtoto mwenye shangazi Tororo na nyanya Amagoro, upande wa Kenya, ataelewa haraka kuliko mtu mzima wa mbali.

Mkishavuka, badilisheni fedha kidogo, na sarafu apewe mtoto azishike. Za Kenya zilizotolewa tangu 2018 zina twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, tembo kwenye ishirini. Za Uganda zina swala kwenye hamsini, ng'ombe wa pembe ndefu kwenye mia, samaki kwenye mia mbili, na korongo taji kwenye mia tano. Hapo pana wanyama wanane bila kulipa kiingilio, pamoja na swali zuri: kwa nini nchi moja imemweka ng'ombe kwenye pesa yake? Aliyetoka Kakapel ana la kusema juu ya hilo. Na shilingi moja ya Kenya ikipata zaidi ya ishirini na tano za Uganda, hesabu ya kuzidisha inapata sababu ya kufanywa.

Mtu mzima huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Mtoto abebewe cheti cha kuzaliwa, na kama si wako wa kumzaa, barua ya wazazi wake. Ulizia Uhamiaji mapema. Afisa akimwinamia mtoto kumuuliza jina lake na anakokwenda, mwache amjibu mwenyewe. Wapo wanaopitisha watoto wa watu mipakani kwa nia mbaya, na swali hilo ndilo linalowakamata.

Tororo yenyewe huonekana kabla hujaifikia, kwa sababu ya jiwe lake. Mwamba wa Tororo, wenye kimo cha mita 1,483 kutoka usawa wa bahari, ni mabaki ya volkano iliyokufa mamilioni ya miaka iliyopita. Volkano hiyo haikuwa ya kawaida, maana mawe yake yana chokaa nyingi. Duniani kote volkano hai ya jamii hiyo ni moja tu, Ol Doinyo Lengai ya Tanzania. Chokaa hiyo ndiyo iliyoleta kiwanda cha saruji Tororo katika miaka ya 1950, kwa hiyo mtoto anaweza kuonyeshwa jiwe, kisha kiwanda, kisha ukuta wa nyumba, na akaona jinsi kimoja kilivyozaa kingine.

Kupanda kuna njia na ngazi za chuma kwenye sehemu zenye mteremko mkali. Kwa maoni yangu asiyefika miaka minane abaki chini na mzazi mmoja, apige picha, ale ndizi. Ngazi hizo si za kumbeba mtoto mgongoni. Wakubwa wakifika juu siku ya anga safi wataona Elgon, na mbali kusini Ziwa Victoria. Mji ulio chini yao ni njia panda ya reli: moja inatoka Malaba kwenda Kampala, nyingine inachepuka kuelekea Mbale na kaskazini.

Wasiopenda kupanda wana vinamasi vya Mto Sio, ambavyo Kenya na Uganda zinavigawana, penye mafunjo na ndege tele. Waende na mwenyeji anayejua pa kukanyaga.

Jambo la mwisho ni wakati. Tororo imetajwa kwa miaka mingi miongoni mwa sehemu za dunia zenye ngurumo nyingi kupita kiasi, na radi hapa huua. Mawingu hukusanyika mchana. Aliye juu ya mwamba awe ameshuka kabla ya saa sita, na wingu jeusi likionekana, safari iahirishwe hata kama watoto watanuna. Desemba, shule za nchi zote mbili zikiwa zimefungwa na mvua imepungua, ndiyo nafasi nzuri ya kuwakusanya binamu wa Busia na wa Tororo kwa pamoja. Siku moja Kakapel, siku nyingine Tororo, na kati yake siku ya kupumzika, ya kuchora na kuulizana.