KILOMITA 21 ZANGU ZA KWANZA: UJI, MITI SHAMBA NA PRESHA

Wengi mmeniuliza juu ya zile mbio za Nairobi nilizokimbia Oktoba 2023. Mmoja anataka kujua nilikunywa nini, mwingine ati nilitumia mti gani. Basi nimeona heri niandike mara moja, maana nimechoka kueleza sokoni huku nimeshika mzigo.

Kwanza mjue kwamba mimi si mkimbiaji. Nimepita miaka 50, nina mwili, nauza nguo za mitumba, na nimekuwa mgonjwa wa presha tangu 2019. Aliyenianzisha ni muuguzi wa dispensari yetu. Aliniambia, "Mama, hii presha hutaiweza ukikaa kwa kiti kutwa nzima. Anza kutembea." Nikaanza. Kutoka hapa nyumbani mpaka kiwanda cha majani chai na kurudi ni kilomita 4. Miezi miwili nilitembea tu. Kisha nikaanza kuchanganya: natembea dakika 4, nakimbia 1. Watoto wa shule walinicheka kwa wiki kama mbili hivi, halafu wakazoea.

Kosa la wengi ni kuanza kwa mbio za kufukuza matatu. Kipimo ni rahisi: ukiwa unakimbia uweze kuongea na mwenzako. Ukishindwa kumalizia habari ya harusi bila kuhema, umezidisha. Hata kule Iten, mahali palipo karibu mita 2,400 juu ya bahari, mabingwa wanaoshinda Ulaya na Marekani huanza mazoezi ya asubuhi wakienda polepole sana. Sababu ni kwamba moyo na mapafu huzoea haraka, kwa majuma machache tu, lakini mifupa na kano huchukua miezi. Kwa hivyo utafika wakati unajisikia una nguvu za simba na huku mfupa wa muundi bado haujakomaa. Mimi yalinipata mwezi wa nne. Niliongeza umbali maradufu kwa wiki moja, nikaumwa na muundi hata kushuka ngazi ikawa shida. Nikakaa wiki mbili bila kukimbia. Hakuna dawa ya hapo isipokuwa kupumzika.

Viatu nilinunua Gikomba. Si lazima viwe vipya, lakini ubonyeze soli kwa kidole. Ikiwa ngumu kama ubao, achana navyo hata kama juu vinang'aa. Viache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole vya mguu, kwa kuwa mguu huvimba ukikimbia muda mrefu.

Sasa nije kwa dawa za miti, maana hapo ndipo nusura niharibu kila kitu.

Mwezi wa saba rafiki yangu aliniletea chupa ya dawa chungu iliyochemshwa. Alisema inasafisha damu na inamaliza presha kabisa, mtu hahitaji tena tembe. Mimi nami nilikuwa nimepungua kilo 6, nakimbia kilomita 10 bila kusimama, nikaona kweli nimepona. Nikaweka tembe kando. Wiki ya kwanza sikuhisi chochote kibaya. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu nikaenda dispensari kupimwa kwa ajili ya mbio. Muuguzi alinipima mara mbili, akanyamaza, kisha akauliza, "Mama, dawa unakunywa?" Mashine ilikuwa imesoma 178 juu na 112 chini.

Nataka tuelewane hapa. Presha haiumi. Mtu anaweza kutembea nayo miaka mingi akiwa mchangamfu kabisa, huku inachosha moyo, inaharibu figo na mishipa ya ubongo, mpaka siku anaanguka. Kwa hivyo kusema "najisikia vizuri" si kipimo. Kipimo ni mashine. Ni kweli mazoezi hushusha presha. Kwa mtu mwenye ugonjwa huu, kutembea au kukimbia mara kwa mara hushusha ile namba ya juu kwa pointi 5 mpaka 8 hivi. Hiyo ni faida kubwa na haina bei. Lakini hebu piga hesabu: toa 8 kwa 178 uone umebaki na ngapi. Mazoezi yanafanya kazi pamoja na tembe. Kupunguza au kuacha ni neno la daktari baada ya kukupima.

Nilirudia tembe zangu siku hiyo hiyo. Wiki nne baadaye nilisoma 134 kwa 84. Muuguzi alinituma pia kwa daktari, kwa sababu moja ya tembe zangu ni ile ya kukojoza maji, na mtu anayetumia dawa hiyo anaweza kupungukiwa na maji au chumvi akikimbia saa nyingi juani. Daktari akanipangia namna ya kuitumia siku ya mbio. Mwenye presha au sukari asijisajili kwa mbio ndefu bila kufanya hivyo. Kwa mwenye sukari kuna hatari ya ziada: mazoezi hushusha sukari, na akiongezea dawa ya miti pamoja na dawa ya hospitali bila kumwambia mtu, inaweza kushuka mpaka azimie.

Je, mambo yote ya asili ni bure? La. Mengine yalinisaidia sana, na mengi yako jikoni. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, kama gramu 400 hadi 500, sawa na vile tunavyoweka mahindi ghalani. Ukikimbia unachota humo. Akiba ikiisha miguu inakuwa kama imefungwa mawe, na kwa wale wa kilomita 42 hilo huwapata mara nyingi baada ya kilomita 30. Ghala hilo hujazwa na ugali, nduma, viazi vitamu, ndizi, uji wa wimbi. Watafiti waliochunguza chakula cha wakimbiaji wa Kalenjin walikuta kama robo tatu ya nguvu yao inatoka kwa vyakula vya wanga, na chai ya maziwa yenye sukari ndicho kinywaji chao cha kila siku. Hakuna poda ya siri.

Tangawizi nilitumia kwenye chai. Ikitumiwa siku kadhaa mfululizo inaweza kupunguza kidogo maumivu ya misuli. Kidogo, nimesema. Mukombero nilitafuna kwa sababu naupenda, utamu wake unabaki mdomoni, lakini siwezi kukudanganya kwamba ulinipa hata kilomita moja. Asali ni nzuri kwa mkimbiaji (ila mtoto ambaye hajafika mwaka mmoja asipewe hata ya kulamba, inaweza kumletea sumu mbaya). Na kulala. Nililala saa 8 kila usiku, simu nimeiacha jikoni, na kati ya yote niliyojaribu hilo ndilo lililobadilisha mwili wangu zaidi. Kina mama mtaniambia saa 8 zitoke wapi. Mimi niliwaachia vijana vyombo vya jioni, na hakuna aliyekufa.

Siku ya mbio yenyewe nitaisema kwa ufupi. Usiku uliotangulia nilikula githeri. Msifanye hivyo! Maharagwe ni chakula kizuri, lakini si usiku wa kuamkia mbio. Kufikia kilomita ya 7 nilikuwa natafuta choo. Kula chakula ulichozoea na chepesi kwa tumbo. Usivae kiatu kipya siku hiyo, na ujipake mafuta mahali ngozi inaposuguana. Usimeze tembe za maumivu kabla ya kukimbia, zile za Brufen na diclofenac ambazo watu wanagawana kama peremende. Hupunguza damu inayoingia kwenye figo wakati figo tayari zina kazi nyingi.

Jambo la maji linahitaji maneno zaidi, kwa kuwa wengi tunaamini maji hayazidi. Yanazidi. Katika mbio za Boston za mwaka 2002 mwanamke wa miaka 28 alifariki kwa sababu chumvi ya damu yake ilishuka mno baada ya kunywa kupita kiasi. Wakimbiaji 488 walipimwa damu katika mbio hizo, na 13 kwa kila 100 walikuwa na chumvi iliyopungua. Walio hatarini zaidi ni sisi tunaokwenda polepole. Tunapita kila meza ya maji, na kila meza tunakunywa kwa kuogopa. Kunywa unapohisi kiu, basi. Mwenzako akianza kuumwa na kichwa, kutapika, vidole vimevimba na maneno yanachanganyika, usimmiminie maji mengine kinywani. Ita watu wa msalaba mwekundu au daktari wa mbio, mwambie amekunywa kiasi gani.

Mimi nilimaliza kwa saa 2 na dakika 58. Kilomita tatu za mwisho nilitembea na kukimbia, kama nilivyoanza kule kwenye njia ya kiwanda. Sikuketi mara moja. Nilitembeatembea dakika 10 kwanza, maana ukisimama ghafla damu hubaki miguuni na unaweza kuanguka kwa kizunguzungu. Nikanywa chai, nikala mkate na mayai mawili. Siku ya pili ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko ya kwanza, na hiyo ni kawaida: maumivu ya misuli huzidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha yanaisha yenyewe. Kukanda kwa upole na maji baridi vinasaidia. Lakini ukiona mkojo mweusi kama chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana misuli imevunjika na inaziba figo.

Kucha moja imeng'oka, na nyingine ilimea mahali pake. Presha yangu ya juma lililopita ilikuwa 128 kwa 80, tembe moja imepunguzwa na daktari, mbili zimebaki.

Wanaotaka kuanza, tunakutana kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nje ya dispensari. Muuguzi anafika mapema na mashine yake, kila mtu anapimwa kwanza. Tunatembea. Njoo na kiatu chochote kisichoteleza.