Kozi, Mgeni wa Mvua

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Kila mmoja wetu alalaye katika mabweni ya shule hii ajua jinsi mambo yanavyokuwa hapa Songea mvua za kwanza zinapoanza kunyesha, mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba. Kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu na kuzizunguka taa za bwalo, nao wanafunzi wa Kidato cha Kwanza hukimbia na ndoo na masufuria kuwaokota. Ni wachache wanaoinua macho kutazama juu kabla ya giza kuingia. Kama wangetazama, miaka mingine wangeona ndege wengi wadogo, wenye mabawa membamba kama mundu, wakipita huku na huku juu ya kiwanja cha mpira na kuwakamata kumbikumbi wale wale angani. Ndege hao ni kozi. Nataka kueleza habari zao katika kurasa hizi, kwanza kwa sababu ni ndege wa ajabu, na pili kwa sababu nina deni kwao.

Nianze na deni lenyewe. Nilipomaliza Kidato cha Pili nilikwenda likizo kijijini kwa Bibi, upande wa milima ya Matogoro. Nilimkuta Bibi amekasirika, maana katika muda wa juma moja vifaranga wake wanne walikuwa wamechukuliwa na ndege. Nikaazima manati ya mdogo wangu, nikaenda kuvizia. Jioni nikaona ndege mwenye mdomo uliopinda ametua juu ya waya wa umeme karibu na shamba. Nililenga mara moja tu, akaanguka. Nikampeleka kwa Bibi kwa majivuno makubwa.

Bibi alimgeuza geuza, akamtazama miguu, kisha mkia. Akasema, "Mjukuu wangu, huyu si mwizi wetu. Mwizi wetu ana mkia wenye panda. Huyu ni mgeni wa mvua." Sikusadiki. Tukampasua tumbo mbele ya jiko, na ndani tukakuta kumbikumbi na panzi, wala hapakuwa na unyoya hata mmoja wa kifaranga. Kesho yake asubuhi mwewe akaja akamchukua kifaranga wa tano. Tangu siku ile niliazimia kujifunza habari za kozi, nikauliza walimu na kusoma kila nilichopata. Haya ndiyo niliyojifunza.

Jambo la kwanza ni kutofautisha. Watu wengi huwaita ndege wote wenye mdomo wa ndoana kwa jina moja, mwewe au kipanga. Mwewe ni ndege mkubwa wa rangi ya kahawia, mkia wake umegawanyika mwishoni, naye huzunguka polepole juu ya vijiji na masoko akitafuta mabaki ya nyama na vifaranga. Kipanga ana mabawa mafupi ya mviringo na mkia mrefu, hujificha mitini na kutokea ghafula. Kozi ana mabawa marefu yenye ncha kali, macho makubwa meusi, na huruka kwa haraka mahali pa wazi. Zipo aina za kozi zipatazo 40 duniani, na kadhaa kati ya hizo zaonekana katika Tanzania. Wahenga walimjua vema, ndiyo maana wakasema: Kozi mwana mandanda, kulala na njaa kupenda. Maana yake, mwenye uwezo wa kujitafutia chakula akilala na njaa, amependa mwenyewe.

Mwili wa kozi umeumbwa kwa kazi yake. Pembeni mwa mdomo wake wa juu kuna kijino. Tai na kipanga huua kwa kubana windo kwa kucha, lakini kozi hushika kwa kucha na kuua kwa kuuma shingo kwa kijino hicho. Jike kwa kawaida ni mkubwa kuliko dume. Tena kozi hajengi kiota. Hutaga katika ufa wa jabali, katika shimo la mti, au katika kiota cha zamani cha kunguru au cha ndege mwingine. Kwa hiyo mahali palipokatwa miti mikubwa yote, baadhi ya kozi hawana pa kuzalia, hata chakula kikiwa tele.

Zamani wataalamu walidhani kwamba kozi ni ndugu wa karibu wa tai na mwewe, kwa sababu wanafanana. Lakini uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kozi yu karibu zaidi na kasuku, na hata na ndege wadogo waimbao, kuliko alivyo karibu na tai. Mdomo wa ndoana na kucha kali vimetokea katika koo mbalimbali, kwa kuwa kazi ya kuwinda yahitaji vyombo vya namna moja. Hapa twajifunza kwamba kufanana si udugu, nami nilikuwa nimekwisha kujifunza jambo hilo kwa manati.

Kila aina ina namna yake ya kuwinda. Wako kozi ambao hubaki mahali pamoja hewani, wakipiga mabawa na kutazama chini, mpaka waone panya au panzi. Kozi mkubwa wa majabali, ambaye wataalamu humwita Falco peregrinus, hukamata ndege wenzake. Hupanda juu sana, hukunja mabawa, kisha hujiangusha kwa mwendo unaozidi kilometa 300 kwa saa. Basi la abiria liendalo Makambako haliruhusiwi kupita kilometa 80 kwa saa, basi wasomaji wapige hesabu wenyewe. Hakuna kiumbe mwingine ajulikanaye apitaye mwendo huo.

Sasa nirudi kwa mgeni wa mvua, yule niliyemuua. Jina lake ni kozi wa Amur, kutokana na mto Amur ulio mpakani mwa Urusi na China. Dume ana rangi ya kijivu cha giza, na chini ya mkia ana rangi ya kutu. Jike ana kifua cheupe chenye madoa meusi. Wote wawili wana miguu myekundu inayoelekea rangi ya chungwa. Ni mdogo sana: ukiweka robo kilo ya sukari upande mmoja wa mizani na kozi huyu upande wa pili, sukari itashinda.

Ndege huyu mdogo huzaliwa mashariki ya Urusi, Mongolia na kaskazini ya China. Baridi inapokaribia huko, huondoka kwa makundi makubwa, na kufikia Oktoba na Novemba hukusanyika kaskazini mashariki ya India, ambako hula kumbikumbi wa huko mpaka anenepe. Kisha huvuka bara Hindi na kuingia baharini. Hapo hapana mti wala mwamba wa kutua. Huruka usiku na mchana, zaidi ya kilometa 3,000, mpaka afike pwani ya Somalia. Umbali huo ni yapata mara tatu ya safari ya kutoka Songea hadi Dar es Salaam, naye hana kituo njiani. Wataalamu hudhani kwamba hula kereng'ende, ambao nao huvuka bahari hiyo majira yale yale. Kutoka Somalia hufuata mvua kuelekea kusini, akipita Kenya na Tanzania, mpaka nchi za kusini mwa Afrika. Mwezi wa Aprili na Mei hurudi alikotoka. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilometa 20,000, naye hufanya hivyo kila mwaka.

Mkoa wetu wa Ruvuma hutegemea mahindi. Kozi huyu hula panzi, nzige na wadudu wengine, wala hatozi ada. Wenzake wengine hula panya, na kila mkulima ajua kazi ya panya ghalani. Kweli, ziko aina kubwa za kozi ambazo huweza kuchukua njiwa au hata kifaranga mara moja moja, wala sitaki kuficha. Lakini mgeni wa mvua hana haja na kuku wa mtu.

Ndugu wasomaji, mgeni huyu alikaribia kupata msiba mkubwa. Mwaka 2012 wahifadhi waligundua kwamba katika jimbo la Nagaland nchini India, karibu na bwawa la Doyang, watu walikuwa wakitandaza nyavu za kuvulia samaki kati ya miti na kuwanasa kozi hawa ili kuuza nyama. Ilikadiriwa kwamba ndege 12,000 hadi 14,000 walikuwa wakiuawa kila siku katika majira yale. Habari zilipoenea, serikali, mabaraza ya vijiji, makanisa na vijana wa huko walikutana. Wanakijiji wa Pangti, waliokuwa wawindaji, wakakubali kuwa walinzi. Majira yaliyofuata, mwaka 2013, haikuripotiwa kwamba hata ndege mmoja alinaswa kwa nyavu hizo. Mwezi Novemba mwaka huo wataalamu waliwafunga ndege watatu vyombo vyepesi vya gramu 5 vinavyowasiliana na setilaiti, wakawapa majina ya Naga, Wokha na Pangti. Hivyo watu wa Nagaland wakaona kwamba ndege waliowaachia walivuka bahari wakafika kwetu Afrika.

Niliposoma habari hiyo nilifadhaika. Wale watu walikuwa maskini, na nyama ile ilikuwa fedha kwao, hata hivyo waliacha. Mimi niliua bila kuwa na njaa, na ndege yule huenda alikuwa mmoja wa wale waliopita salama juu ya vichwa vya watu wa Pangti.

Adui wa pili wa kozi ni sumu. Baada ya mwaka 1945 dawa ya DDT ilitumika sana mashambani huko Ulaya na Marekani. Wadudu waliila, ndege wadogo wakawala wadudu, kozi wa majabali akawala ndege wadogo, na sumu ikazidi kulundikana katika mwili wa yule aliye mwisho wa mlolongo. Kozi hakufa papo hapo. Maganda ya mayai yake yakawa membamba, yakavunjika alipoyaatamia. Mwaka 1967 mtaalamu Derek Ratcliffe wa Uingereza alionyesha jambo hilo kwa kupima maganda ya zamani na ya wakati wake. Marekani ilipiga marufuku matumizi ya DDT mashambani mwaka 1972, na kozi wakaongezeka tena, hata mwaka 1999 wakaondolewa katika orodha ya viumbe walio hatarini nchini humo. Kadhalika katika kisiwa cha Mauritius, mwaka 1974 walijulikana kozi wanne tu wa aina ya kisiwa hicho katika pori zima. Kwa kulea makinda na kutundika masanduku ya kuzalia, watu waliwaokoa, wakafikia mamia. Basi kuharibu si mwisho wa habari, iwapo watu wataamka mapema.

Na sisi tufanye nini? Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda wala kukamata wanyamapori bila kibali, na ndege wamo. Lakini sheria haiwezi kusimama chini ya kila waya wa umeme. Wazazi wanaopulizia dawa ya viwavijeshi katika mahindi wafuate kipimo cha mtaalamu, wala wasizidishe. Watumiao sumu ya panya wawazike panya waliokufa, wasiwatupe jalalani ambako kozi au bundi atawaokota. Mwenye vifaranga awajengee tenga au banda kwa majuma ya kwanza. Bibi alifanya hivyo, na mwaka uliofuata hakupoteza hata mmoja. Tena miti mirefu iliyo karibu na viwanja vyetu isikatwe ovyo, kwa maana kozi hawa hulala pamoja katika miti ya namna hiyo wakiwa safarini.

Mwezi wa Novemba sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani wetu wa mwisho, kisha tutaondoka. Kozi watakapofika, huenda sitakuwapo hapa kuwaona. Kwa hiyo nawaachia ninyi mnaobaki kazi moja ndogo. Ukimwona ndege mwenye mdomo uliopinda juu ya waya, kabla ya kuvuta manati, tazama mkia, tazama mabawa, kisha tazama miguu. Ikiwa miguu ni myekundu, weka jiwe chini. Ametoka mbali kuliko wewe na mimi tulivyowahi kufika, naye amekuja kula wadudu wa shamba la bibi yako. Wazee walisema kweli: Mgeni njoo, mwenyeji apone.