Kibanio cha Karatasi na Ujira wa Fundi

Mdharau mwiba, guu huota tende. Methali hiyo niliikumbuka mjini Kakamega, katika kibanda cha fundi wa simu, nilipoona chombo alichokishika zaidi siku ile: kibanio cha karatasi, ule waya mwembamba uliokunjwa mara tatu.

Sisi watu wa pwani twakijua kibanio hiki ofisini, kikishika hati zisipeperuke. Mwaka 1899 Mmarekani William Middlebrook alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wa mashine ya kuvikunja, na hadi leo umbo lake ni lile lile. La ajabu ni kuwa waya huu wa zama za kalamu ya wino umepata kazi nyingine katika zama za simu.

Simu nyingi za siku hizi hazifunguki mgongo. Laini hukaa katika kijisahani kilichofichwa ubavuni, na kando yake pana kitundu. Pini yake huja na simu mpya, lakini ni wangapi waitunzao? Basi fundi hukunjua ncha ya kibanio, akaitia wima, akasukuma taratibu, na kijisahani kikatoka. Kwa ncha hiyo hiyo hutoa sidii iliyokwama ndani ya kompyuta, hata umeme ukiwa umekatika.

Lakini hapa ndipo penye elimu. Simu ina vitundu vingine, na kimojawapo ni cha maikrofoni. Ukikidunga hicho waweza kukiharibu, mwenye simu akawa anasikia lakini hasikiki. Na mtambo wa intaneti ukibonyezwa kitundu chake kwa sekunde kumi hivi, hurudi ulivyotoka kiwandani: neno la siri na mipango yote hufutika.

Hasara hiyo si ndogo. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, laini ya simu imekuwa mkoba wa mchuuzi na karo ya mwanawe.

Nilimwona mteja mmoja akigoma kulipa, akidai kazi yenyewe ni ya waya tu. Fundi hakubishana naye. Alimgeuzia simu kwenye mwanga, akamwomba aonyeshe kitundu cha laini. Mteja akakodoa macho, kisha akatia mkono mfukoni.

Msomaji mpenzi, kibanio waweza kukiokota mezani bure. Ujira wa fundi ni wa kujua pa kukitia.