Bangili ya shaba imegeuka nyeusi? Si lazima iwe feki

Umenunua bangili ya brasi inayometa kama dhahabu. Baada ya wiki chache imefifia, mkono una alama ya kijani, na tayari unamlaani aliyekuuzia. Subiri kidogo. Huenda hujapigwa.

Brasi ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Shaba hiyo ikikutana na hewa, jasho na losheni, uso wake hubadilika rangi. Ule ukijani kwenye ngozi ni chumvi za shaba. Kwa watu wengi hauna madhara, sabuni na maji huutoa.

Kuna mafundi ambao badala ya kupambana na mabadiliko hayo, huyaharakisha makusudi.

Yai linavyotia weusi

Njia rahisi iko jikoni. Yai lililochemshwa hadi likakauka ndani hupondwa likiwa moto, kisha hufungiwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na pete, bila kugusana. Ile harufu ya yai ni gesi yenye salfa, na ndiyo inayotia weusi. Fedha na shaba nyekundu hukubali haraka. Brasi ni mbishi, inaweza kukawia sana.

Baadaye fundi hupitisha msasa laini juu juu. Palipoinuka panang'aa, mashimoni weusi unabaki. Ndiyo maana kipande chenye alama za nyundo hupendeza kwa mtindo huu, ilhali kilicho bapa huonekana kichafu tu.

Kwa rangi ya kijani-samawati, kipande hunyunyiziwa maji ya chumvi na kuning'inizwa juu ya amonia ndani ya chombo kilichofunikwa. Kazi hii ni ya nje, penye hewa. Amonia isichanganywe kamwe na dawa ya kung'arisha nguo, maana hutoa gesi ya sumu. Tena, brasi iliyopigwa nyundo bila kupashwa moto ili ilegee inaweza kupasuka kwa mvuke huo.

Hatari iko kwenye moto

Jijini Nairobi, kuna mafundi wa jua kali, wakiwemo wa Kibera, wanaoyeyusha makufuli na koki chakavu kutengeneza hereni na bangili. Brasi nyingi huyeyuka kwenye nyuzi joto 900 na kidogo za Selsiasi, na zinki huchemka kwenye 907. Moto ukizidi kidogo tu, moshi mweupe unapanda.

Anayeuvuta anaweza kupata homa, baridi na maumivu ya mwili saa kadhaa baadaye, akadhani ni malaria. Kunywa maziwa, kama wengi wanavyoshauriana, hakuzuii moshi kuingia mapafuni. Barakoa ya kitambaa nayo haitoshi. Kinachosaidia ni hewa ya kutosha, barakoa maalumu ya moshi wa metali, na kutozidisha moto.

Koki za zamani pia mara nyingi zina risasi, kwa hiyo kidani cha chuma chakavu asipewe mtoto anayetia kila kitu mdomoni.

Ukiwa mnunuzi

Muulize fundi kama kipande kimepakwa nta au vanishi. Nta hurudiwa mara kwa mara. Vanishi hudumu zaidi, ila ikibanduka huacha mabaka. Brasi tupu iliyofifia husuguliwa kwa ndimu na chumvi, ikasuuzwa na kukaushwa vizuri. Lakini kama weusi uliwekwa makusudi, ndimu weka mbali: utafuta kazi ya fundi kwa dakika chache.