Unajifunza Kifaransa kwa simu? Chunga 70 na 90

Umeshusha programu ya Kifaransa, umekomaa nayo miezi mitatu, namba unazijua mpaka mia. Siku moja mteja kutoka Lubumbashi anaingia dukani kwako Kariakoo, anasema atalipa dola septante-cinq kwa kila boksi. Unaganda. Hiyo namba mbona hukufundishwa?

Kosa si lako. Programu nyingi zinafundisha Kifaransa cha Ufaransa. Huko 70 ni soixante-dix, yaani "sitini na kumi", na 90 ni quatre-vingt-dix, yaani "ishirini mara nne na kumi". Kwa hiyo 75 ni soixante-quinze.

Kongo ni habari nyingine. DRC, Rwanda na Burundi zilitawaliwa na Ubelgiji, na Wabelgiji husema septante kwa 70 na nonante kwa 90. Basi 75 ni septante-cinq, na 95 ni nonante-cinq. Nafuu ni kwamba 80 haibadiliki: pote huko ni quatre-vingts.

Ukiteleza hapo, unaumia mfukoni. Ukisikia 65 badala ya 75 kwenye maboksi 50, dola 500 zimeondoka.

Ufanyeje?

1. Msingi jenga kwa programu. Ya TV5MONDE ni ya bure, ina mazoezi ya kuanzia ngazi ya A1 hadi B2.

2. Zoeza sikio. RFI wana taarifa ya habari ya Kifaransa chepesi, "Journal en français facile", dakika kama 10, na maandishi yake unaweza kuyasoma huku unasikiliza.

3. Sikiliza Wakongo wenyewe. Radio Okapi inatangaza kwa Kifaransa na pia kwa Kiswahili. Habari uliyoisikia kwa Kiswahili, itafute kwa Kifaransa. Utashika maneno haraka zaidi.

4. Una mteja wa Kongo kwenye WhatsApp? Mwombe akutumie bei kwa sauti, kisha wewe mjibu kwa tarakimu. Atakusahihisha, na biashara inaendelea.

Bando likiwa dogo, pakua vipindi ukiwa kwenye wifi, usikilize kwenye daladala.

Na mkiwa dukani, kabla hamjapeana mkono, andika bei kwenye kikokotoo cha simu umwonyeshe. Tarakimu hazina lafudhi.