Gari la Mbio la Kujiundia Nyumbani: Bei Yake Hasa ni Ipi?



Vijana wetu wa karakana wametuuliza mara nyingi habari za magari madogo ya mbio ambayo watu wa Uingereza hujiundia nyumbani. Wameona picha zake. Gari halina paa, ni fupi kwa kimo, na taa zake za mbele zimetokeza nje kama macho ya chura. Wameambiwa kwamba mtu aliweza kuliunda kwa pauni 250, nao wanataka kujua kama ni kweli. Tumeona vema kulieleza jambo hili tangu mwanzo, maana ndani yake limo suala la mshahara na suala la afya, na yote mawili ni kazi ya chama.

Gari hilo lina baba yake. Mwaka 1948 kijana mmoja wa London, Colin Chapman, alichukua gari kuukuu aina ya Austin Seven akaliunda upya katika banda la gari nyumbani kwa wazazi wa mchumba wake. Masomo aliyosomea yalikuwa ya uhandisi wa majengo. Mwaka 1952 alianzisha kampuni ya Lotus katika mazizi ya zamani ya farasi, nyuma ya baa ya baba yake, na mwaka 1957 akatoa gari liitwalo Lotus Seven. Magari mengi ya kujiundia tunayoyaona katika picha yanafuata umbo la hilo.

Wakati ule serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya ununuzi juu ya gari lililokamilika, lakini gari lililouzwa vipande vipande halikutozwa. Seven iliyokamilika ilikuwa pauni 1,036 pamoja na kodi. Ile ya vipande ilikuwa pauni 536. Sheria ilikataza muuzaji kumpa mnunuzi maelezo ya kuliunganisha. Basi Lotus wakatoa maelezo ya jinsi ya kulifungua, naye mwenye gari akaanza ukurasa wa mwisho akirudi nyuma! Tulipopata habari hii tulicheka sana. Mchezo huo wa kodi ulikwisha mwaka 1973 Uingereza ilipobadili kodi zake, na mwaka huo huo Lotus wakaiachia kampuni ya Caterham haki ya kuendelea kuliunda. Caterham wanaliuza mpaka leo, zima au vipande.

Wenzetu wa viwanda vya kuunganisha magari huko Thika na Mombasa, vilivyoanzishwa katika miaka ya 1970, wanaijua hesabu ya vipande. Lakini wao wakifunga bolti hulipwa mshahara kwa kazi ile. Anayefunga bolti nyumbani kwake halipwi na mtu. Tuliweke neno hili moyoni, tutalirudia.

Sasa hizo pauni 250. Mwaka 1996 Mwingereza Ron Champion alitoa kitabu cha kumfundisha mtu kuunda gari la namna hii bila hata kununua vipande vya kampuni. Unatafuta Ford Escort ya zamani iliyochoka, unatoa injini, giaboksi, ekseli ya nyuma, breki na usukani. Fremu unaichomelea mwenyewe kwa paipu za chuma za pembe nne, upana wa inchi moja, unene wa chuma milimita 1.6. Ubavuni unapigilia bati la alumini kwa riveti.

Mtu atauliza, paipu nyembamba hivyo zitabebaje injini? Tazameni juu, paa la kiwanda. Kenchi zake ni vyuma vyembamba, lakini vimefungwa pembe tatu pembe tatu. Umbo la pembe nne ukilisukuma hulala upande. La pembe tatu halilali mpaka chuma chenyewe kipinde au kukatika. Hii ndiyo elimu ya majengo aliyoitia Chapman ndani ya gari. Sisi tulijifunza kwa hasara. Zamani shambani tuliunda trela la kubebea majani ya chai kwa paipu nene za pembe nne, bila hata paipu moja ya mshazari, na msimu wa kwanza likalala upande kama ng'ombe mgonjwa. Chuma kilikuwa kingi kuliko cha gari la Chapman.

Wepesi ndio siri yote. Seven ilikuwa na uzito wa kilo 500 hivi, nayo ya kwanza ilikwenda kwa injini ndogo ya Ford ya nguvu za farasi 40 tu. Gari jepesi hushika mwendo upesi, hukata kona vizuri na husimama mapema.

Turudi kwenye bei. Pauni 250 hazikuwa uongo, ila zilihesabu vitu tu. Escort za kufaa ni zile zilizotoka kabla ya mwisho wa 1980, ambazo injini iko mbele na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Siku hizi zimekuwa adimu na ghali, hata mwaka 2007 kilitoka kitabu kingine cha kutumia Ford Sierra. Tena mashine ya kuchomelea haikuhesabiwa, wala saa za kazi. Tuseme mtu atumie saa 600, jioni na Jumapili. Kwa anayefanya kazi saa 48 kwa wiki, hizo ni wiki 12 na nusu: miezi mitatu ya mshahara isiyoandikwa popote. Anayependa kazi hiyo na afanye, lakini asiseme gari ni la bei rahisi. Na elektrodi za mwajiri zibaki kwa mwajiri. Tumekwisha kumtetea mwanachama aliyefukuzwa kwa ajili ya kipande cha paipu, na tulishindwa.

Kuhusu afya tunasema kwa nguvu. Breki na klachi nyingi za magari ya zamani zilitiwa asbesto, na vumbi lake huua mapafu miaka mingi baadaye. Msilipulize kwa upepo wa kompresa wala kulifagia kavu. Lowesheni, futeni kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kifungwe ndani ya mfuko kitupwe, watoto wasikiguse. Paipu yenye rangi ya zinki isichomelewe kabla ya kuondolewa zinki, kwani moshi wake huleta homa usiku. Miwani ya jua si kinga ya macho.

Huko Uingereza, tangu 1998, gari la kujiundia halipati namba kabla ya mkaguzi wa serikali kulipitia, na utaratibu ukabadilishwa mwaka 2009. Hupima breki, usukani na taa, hata kingo za nje zinazoweza kumkata mpita njia. Hizo lazima ziwe za mviringo, si chini ya milimita 2.5. Wengi hurudishwa nyumbani mara ya kwanza. Kwetu, mwenye nia aende kwanza ofisi ya kuandikisha magari, aulize kwa maandishi kama gari lisilotoka kiwandani litapewa namba, naye ajibiwe kwa maandishi kabla hajakata paipu ya kwanza.