Baiskeli hadi Cape Town: utoe wapi, ubane wapi

Tunduma hadi Cape Town kwa kupitia Lusaka, Kazungula, Maun na Windhoek ni zaidi ya kilomita 4,000. Ukianza safari Julai, utalikwepa joto kali la Oktoba huko Botswana, na utafika Cape mvua zao za kipupwe zikianza kupungua. Kwa hiyo manunuzi ni sasa. Pesa ikiwa haba, ianzie kwenye magurudumu.

Sokoni kuna baiskeli za aina tatu. Kuna ile nyeusi ya inchi 28 isiyo na gia, ngumu kama reli, ila mlima na mzigo vitakumaliza. Kuna mpya ya alumini yenye shokomzoba mbele na breki za diski, inayopendeza dukani. Na kuna mtumba wa inchi 26, fremu ya chuma, breki za mpira za kubana rimu. Chukua huo mtumba. Chuma kikikatika, fundi yeyote wa kuchomelea atakiunga. Shokomzoba ya bei nafuu huvuja na huongeza uzito, na pedi za diski utazitafuta sana nje ya miji mikubwa.

Kabla hujalipa, inama usome namba zilizochapwa ubavuni mwa tairi. 559 ni ile 26 ya kawaida. 635 ni 28 ya baiskeli nyeusi. 622 ni ya baiskeli nyingi za kisasa, nayo pia huitwa 28, au 700, au hata 29. Hapa ndipo watu wanapoliwa: unapasua tairi mashambani Zambia, muuzaji anakuletea "28" kwa moyo mweupe, na haikai, kwa sababu vipenyo vinapishana milimita 13. Unabaki kupakia baiskeli kwenye lori hadi mjini, na nauli hiyo hukuiweka kwenye bajeti.

Tairi zenyewe nunua mpya, nene, zenye tabaka la kuzuia miiba, upana wa inchi mbili hivi. Ndicho kitu pekee ambacho ningekilipia bei ya juu bila kubisha. Botswana na Namibia zimejaa mbigili, na tairi nyembamba itakula viraka kila jioni. Tairi zisizo na tyubu achana nazo. Dawa yake ya kuziba matundu haiuzwi vijijini. Valvu iwe ya aina ya gari, ili hata pampu ya kituo cha mafuta ikufae.

Keria nayo iwe ya chuma. Ya alumini ni nyepesi kweli, lakini barabara za changarawe za Namibia zina mawimbi yanayotikisa hadi meno, na ikipasuka si kila fundi anayeweza kuichomelea. Mifuko maalumu ya pembeni isiyopitisha maji inaweza kukugharimu kuliko baiskeli. Ndoo mbili za plastiki zenye vifuniko, zikifungwa vizuri kwa boliti, zinafanya kazi ileile. Hazina sura, basi.

Jiko: la gesi ni safi, lakini mitungi midogo ni shida kupatikana Zambia, na kwenye ndege hairuhusiwi. La petroli ni ghali kununua, rahisi kulisha.

Malazi ndiyo yatakayokukausha. Zambia utalala gesti za bei ya kawaida. Ukishavuka daraja la Kazungula, lililofunguliwa Mei 2021, bei zinapanda, na hema linaanza kulipa gharama yake. Lakini uliza mapema kwenye kambi: mnatoza kwa kichwa au kwa kiwanja? Pengine msafiri mmoja hulipa sawa na familia nzima yenye gari. Na usidhani utabana kwa kulala porini kati ya Kazungula na Nata; ni kilomita 300 hivi za tembo, na simba wapo. Kipande hicho kulipia lifti ya lori ni matumizi mazuri ya pesa.

Nyama usinunue ya akiba kaskazini mwa Botswana. Kwenye vizuizi vya kudhibiti magonjwa ya mifugo nyama mbichi huchukuliwa.

Mtanzania na Mkenya hawalipii viza ya matembezi mafupi katika nchi hizi nne: Zambia, Botswana, Namibia na Afrika Kusini. Hata hivyo beba kadi ya homa ya manjano, maana bila hiyo unaweza kukwama mpakani. Tunduma, wabadilisha fedha wa mitaani watakuhesabia haraka haraka. Badilisha kiasi cha kukufikisha kwenye benki tu. Randi inapokelewa Namibia kote kwa thamani sawa, ila dola ya Namibia haipokelewi Afrika Kusini. Imalize kabla ya mpaka.

Kurudi ndiko wengi wanakokusahau. Mashirika mengine ya ndege huhesabu baiskeli kama begi la kawaida, mengine huitoza peke yake, na ukiunganisha tiketi mbili tofauti unaweza kulipa mara mbili. Pata jibu kwa maandishi kabla ya kununua tiketi. Boksi la katoni omba duka la baiskeli, mara nyingi hutoa bure; uwanjani utauziwa. Mabasi ya masafa marefu nayo yanaweza kuikataa baiskeli isiyofungashwa. Kama ada inakaribia bei ya huo mtumba, iuze hukohuko Cape Town, urudi na tandiko na mifuko.